Sholay ya dakika 198? Irudishe kwa aliyekuuzia

Mleta uzi, chomoa hiyo flash kwanza. Unasema umeingiziwa Sholay, ile filamu ya Kihindi, ya dakika 198, muuzaji kaapa ni "full", na leo usiku unaangalia na baba mkwe. Si full hiyo. Ni ile iliyokatwa, na kilichokatwa ndicho kisasi chenyewe.

Thakur alikuwa polisi. Alimtia Gabbar Singh mbaroni kwa mikono yake, jambazi akatoroka jela na kumuulia familia. Saa tatu nzima mzee anaishi kwa jambo moja tu. Anawakodi wahalifu wawili, Veeru na Jai, wamletee Gabbar akiwa hai, maana ana hesabu naye. Sasa kwenye kopi yako, Thakur kashamkanyaga kwa viatu vyenye misumari, bado kidogo ammalize, mara polisi hao! Anakumbushwa sheria, Gabbar anapelekwa, kwisha. Pilau limenukia tangu magharibi, unaletewa chai ya rangi.

Mwongozaji, Ramesh Sippy, hakukusudia hivyo. Kwenye mwisho wake wa kwanza Thakur anamuua. Lakini filamu ilitoka 15 Agosti 1975, India haijamaliza hata miezi miwili tangu serikali ya Indira Gandhi itangaze hali ya hatari, na wakaguzi wa filamu wakagoma: polisi mstaafu kujichukulia sheria mkononi, haiwezekani. Ikabidi wapige mwisho mwingine. (Ndiyo, nimekuharibia utamu. Kopi yako ingekuharibia zaidi.)

Nzima ni dakika 204. Hapa ndipo wengi tunapoliwa: kopi ya PAL, mfumo mmoja wa picha za TV, inakimbiza picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo 204 inasomeka kama 196, na 198 inasomeka 190. Unaweza kuitupa nzima ukakumbatia kipande! Basi ukishaona dakika, mtafute Ahmed, mtoto wa imamu. Gabbar akiponda sisimizi mkononi mwake, na kinachofuata ni maiti kufikishwa kijijini, imekatwa. Ukimwona Gabbar ana kwa ana na kijana mwenyewe, kaa utulie.

Upana wa picha nao usikuzuge. Kwenye DVD za zamani, iliyokatwa ndiyo ilikuwa pana, nzima ikaja na picha ya kimraba kama TV ya chogo. Muuzaji anakuonyesha ile pana, "cheki ilivyo kali bosi", unatoa hela. Mtu hata hajui anachouza, lakini kuapa hodari! Iliyokarabatiwa ikiwa na mwisho wa asili ilionyeshwa Bologna, Italia, mwaka 2025, kwa hiyo hakuna tena kisingizio cha "hiyo nyingine ina chenga".

Na asikubadilishie kwa iliyotafsiriwa na DJ. Filamu za ngumi sawa, DJ ananogesha. Humu atakuropokea siri ya shali ya Thakur kabla upepo haujaipeperusha. Halafu jioni Jai anapuliza kinanda cha mdomo, Radha, mkwe mjane wa Thakur, ghorofani anapunguza taa moja baada ya nyingine, hakuna anayesema neno, na DJ anajazia porojo za shemeji.

Uliuliza pia mambo ya nyimbo, sijui na watoto? Angalia dakika kwanza.