Swali la lugha: Fedha "zimepotea", "zimechotwa" au "zimeibwa"?

SWALI: Naandaa taarifa ya habari katika redio ya jamii mkoani. Kila tukisoma habari ya kashfa ya kisiasa, simu zinaanza kuita. Wapenzi wa chama tawala wanasema tunawachafua, wa upinzani wanasema tunawasafisha wenzao, na mara nyingi wote wanalalamikia sentensi ileile. Kiswahili kina namna ya kuandika habari hizi bila kuegemea upande? Neno "anadaiwa" linatukinga? Na je, kashfa na sakata ni kitu kimoja?

JIBU: Namna ipo, ila haianzii kwenye maneno mnayoyaogopa. Mhariri akishafuta "fisadi", "kigogo" na "papa" hudhani kazi imekwisha. Maneno hayo hayana hatari kubwa, kwa sababu msikilizaji anayatambua papo hapo na kuyapuuza akitaka. Upendeleo unaopenya bila kuonekana umekaa kwenye kitenzi. Upo kwenye kauli yake (kutenda, kutendwa au kutendeka), na upo kwenye kitenzi mnachokitumia kubebea maneno ya watu.

Tuanze na kauli. Akaunti ya Tegeta Escrow, ya kushikilia fedha zinazobishaniwa, ilifunguliwa Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2006 kwa sababu ya mgogoro wa malipo kati ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, na IPTL, kampuni binafsi ya kufua umeme. Mwishoni mwa 2013 fedha zikatoka. Novemba 2014 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, ikiongozwa na Zitto Kabwe, ikawasilisha ripoti yake bungeni, na nchi nzima ikawa inabishana. Sasa tazama vitenzi vilivyokuwa vikizunguka: fedha zililipwa, zilitolewa, zilichotwa, zilikwapuliwa, zilipotea. Tukio ni moja. Ukisema "zililipwa" umeshakubali kwamba aliyepokea alikuwa na haki yake. "Zilichotwa" inasema kuna mtu alikuja na chombo chake akateka kisichokuwa chake. "Zilitolewa" haisemi zaidi ya kwamba zilikuwa ndani na sasa ziko nje, na kwa habari ya siku ya kwanza hilo ndilo mnalolijua kwa hakika.

"Zilipotea" ni ya hatari kuliko zote, ingawa inasikika kuwa ya upole. Vitenzi vya kutendwa, kama kuchotwa na kuibwa, humficha mtendaji lakini humwachia nafasi: msikilizaji anaweza kuuliza "zilichotwa na nani?" na sarufi ikamruhusu. Jaribu kuuliza "zilipotea na nani?" Swali linakufa mdomoni, kwa kuwa kitenzi hicho hakina mtendaji. Ni kana kwamba fedha zilikata kamba kama mbuzi na kuondoka zenyewe. Ndivyo ilivyo kwa "mkataba ulivunjika" ukilinganisha na "mkataba ulivunjwa", na "nyaraka hazikuonekana" ukilinganisha na "nyaraka hazikuletwa". Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mezani kwenu iwe hii: mkimjua mtendaji, mtajeni kwa kauli ya kutenda. Msipomjua, tumieni kutendwa na mwongeze sentensi moja inayosema kwamba ripoti haikumtaja. Kauli ya kutendeka muiachie mvua, barabara na madaraja, na hata daraja wakati mwingine lina mkandarasi.

Angalieni pia nomino inayofuata kitenzi. Katika suala la Escrow ubishi mzima ulikuwa kama zile zilikuwa fedha za umma. Kamati ya Bunge ilisema sehemu yake ni ya umma. Rais Kikwete, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam tarehe 22 Desemba 2014, alisema si za umma. Chombo cha habari kilichoandika "fedha za umma zilizochotwa Escrow" kilikuwa kimeshatoa hukumu mara mbili ndani ya maneno matano, na kilichoandika "malipo ya IPTL" nacho kimehukumu, ila kwa upande mwingine. "Fedha zilizotolewa katika akaunti ya Escrow" ni ndefu na haina ladha, lakini pande zote mbili zingeisoma bila kupiga simu.

Sasa vitenzi vya kubebea usemi, ambavyo naamini ndivyo vinavyowapigisha simu wasikilizaji wenu. Chukua ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) ya mwaka wa fedha 2016/17, iliyotoka Aprili 2018. Hesabu zilionyesha makusanyo ya Sh25.3 trilioni na matumizi ya Sh23.79 trilioni. Zitto akasimamia ile tofauti ya Sh1.5 trilioni na kutaka maelezo. Serikali ikajibu bungeni kwamba hilo ni suala la kihasibu na hakuna fedha iliyopotea. Nimetunga vichwa viwili vya habari kwa mfano. Cha kwanza: "Mpinzani adai trilioni 1.5 zimetafunwa, Waziri abainisha ukweli." Cha pili: "Mbunge afichua upotevu wa trilioni 1.5, Serikali yahaha kujinasua." Hakuna tusi wala uongo wa tarakimu katika chochote kati ya hivyo. Ila cha kwanza kinamtilia shaka mbunge na kumwamini waziri, na cha pili kinafanya kinyume chake.

Kuna kipimo chepesi cha kuvikamata vitenzi hivi: malizia sentensi kwa "lakini si kweli". "Alisema fedha zimeibwa, lakini si kweli" inasimama vizuri. "Alieleza", "alijibu" na "aliongeza" vinasimama. Sasa jaribu "alifichua kuwa fedha zimeibwa, lakini si kweli". Inaanguka, maana mtu hafichui kisichokuwapo. Kubainisha, kuanika, kuthibitisha, kukiri na kukumbusha vyote vinaanguka hivyohivyo. Kitenzi kikianguka, maana yake chumba cha habari kimeweka saini yake chini ya maneno ya msemaji. Kitumieni tu pale ambapo hati mmeishika wenyewe.

"Kukiri" kina mtego wake. Waziri aliyesema "ndiyo, nilipokea hizo fedha, zilikuwa mchango wa shule" hajakiri kosa, amekubali kwamba alipokea. Kwa msikilizaji, "akiri kupokea" ni nusu ya hatia. Andika "asema alipokea" na umwekee maelezo yake katika sentensi hiyohiyo, si katika aya ya nane. Na "kukana" na "kukanusha" visichanganywe: mshtakiwa hukana shtaka mbele ya hakimu, ilhali msemaji wa wizara hukanusha taarifa iliyochapishwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye "anadaiwa". Linafaa, lakini halina nguvu mnayoipa. Kwanza, lina maana mbili. "Mkurugenzi adaiwa bilioni mbili" ni kusema ana deni, au kuna anayesema amezichukua? Redioni, ambako msikilizaji hawezi kurudi nyuma kusoma tena, tofauti hiyo inapotea kabisa. Pili, halimtaji anayedai, na hapo ndipo upendeleo unapojificha: madai ya mpinzani wa kisiasa, ya mkaguzi na ya hati ya mashtaka yote yanavaa kofia moja. Tatu, kwa upande wa sheria, anayerudia maneno ya kumchafua mtu naye ameyatangaza. Kuyatanguliza kwa "inadaiwa" hakumfanyi awe mpita njia. Dawa ni kumtaja mdai. "Hati ya mashtaka inasema alihamisha Sh300 milioni." "Mwenyekiti wa chama fulani anasema alihamisha Sh300 milioni." Wasikilizaji watapima uzito wenyewe.

Kuna jambo ambalo waandishi wa magazeti hawalizungumzi sana, nalo ni vichwa vya habari vyenye vitenzi vyenye asili ya Kiarabu. Kitenzi cha Kibantu hubadilisha irabu ya mwisho katika hali ya kuamuru au kutaka: "Waziri aondoka" ni habari, "Waziri aondoke" ni shinikizo. Lakini "Waziri ajiuzulu" ni ipi? Kitenzi hakibadiliki, kwa hiyo kichwa hicho kinaweza kuwa taarifa ya jambo lililotokea au wito wa wapinzani. "Waziri ajibu" na "Spika asamehe" vina tatizo hilohilo. Mkikuta vitenzi vya aina hiyo, andikeni "amejiuzulu" kama ametoka na "atakiwa kujiuzulu" kama anasukumwa.

Na akishatoka, ametokaje? Kujiuzulu, kuwajibika, kuwajibishwa, kutenguliwa, kutumbuliwa: ngazi nzima ya lawama iko humo. "Aliwajibika" ni sifa, kwa maana alibeba mzigo bila kusukumwa; ndivyo anavyosimuliwa Ali Hassan Mwinyi alipoacha Wizara ya Mambo ya Ndani mwaka 1977. "Aliwajibishwa" ni adhabu. "Uteuzi wake umetenguliwa" ni lugha ya Ikulu, na haina sababu ndani yake. "Kutumbuliwa" lilishika kasi mwishoni mwa 2015 pamoja na majipu ya Rais Magufuli, na tangu hapo limekuwa likibandikwa kwa kila aliyeondolewa, hata yule aliyehamishiwa kazi nyingine wiki iliyofuata. Tumbuo linahitaji jipu. Kama taarifa ya Ikulu haikutaja kosa, nanyi hamna haki ya kulitaja kwa kitenzi.

Vyeo navyo vina siasa zake, na hakuna mfano mzuri kuliko wa Edward Lowassa. Septemba 15, 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, CHADEMA ilisoma orodha ya watu iliyowaita mafisadi, na jina lake lilikuwamo. Februari 2008 alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa jambo hilo. Julai 2015 akahamia CHADEMA, akawa mgombea wake wa urais, na ghafla msamiati ukahama pamoja naye. Waliokuwa wakimwita fisadi wakaanza kuuliza ushahidi uko wapi, na waliokuwa wakiuliza ushahidi wakakumbuka Richmond. Machi 2019 alirudi CCM, na maneno yakarudi njia ileile. Katika miaka hiyo yote, pima tu utambulisho wake. "Waziri Mkuu mstaafu" ulimpa heshima, "Waziri Mkuu aliyejiuzulu kwa kashfa ya Richmond" ulimvua, na "Waziri Mkuu wa zamani" ulisema ukweli bila kuongeza kitu. Kesi dhidi yake haikuwapo 2008 wala 2015. Kilichobadilika ni kadi ya chama tu.

Kutokana na hilo, kabla habari haijasomwa, chukua jina na chama kilichomo, weka cha upande wa pili, kisha isome kwa sauti. Sentensi ikisikika kali mno au laini mno, rekebisha ya asili. Angalia pia chama kinatajwa lini. "Diwani wa upinzani akamatwa kwa rushwa" siku moja, na "Diwani akamatwa kwa rushwa" siku nyingine: msikilizaji anazihesabu hizo kuliko mnavyodhani. Vivyo hivyo mmoja akiwa "Mheshimiwa" mpaka mwisho wa habari na mwenzake akigeuka "mwanasiasa huyo" au "kada huyo" kuanzia aya ya pili.

Lugha ya mahakama ina ngazi zake, na hapa usahihi unamlinda kila mtu. Anayechunguzwa ni mtuhumiwa (Kenya wanapenda mshukiwa). Akisomewa mashtaka anakuwa mshtakiwa. Akitiwa hatiani ndipo anaitwa mwenye hatia. Neno linalovuruga zaidi ni "ameachiwa". Washtakiwa wawili wakuu wa kesi ya Escrow walifikishwa mahakamani Juni 2017. Mmoja alitoka Juni 2021 baada ya makubaliano ya kukiri kosa, mwingine Septemba mwaka huohuo baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) kueleza kuwa hana nia ya kuendelea na shauri. "Ameachiwa" linawafaa wote wawili, na ndiyo maana halitoshi: mmoja alikiri, mwingine hakuhukumiwa kwa lolote. Semeni njia aliyotokea.

Tahadhari nyingine ndogo inahusu ripoti za ukaguzi. "Hazina nyaraka", "udhaifu wa udhibiti wa ndani" na "hoja ya ukaguzi" ni istilahi za kazi, si matusi, wala si tangazo la wizi. Profesa Assad, akiwa CAG, alitumia "udhaifu" kwa Bunge katika mahojiano na redio ya Umoja wa Mataifa; neno la kila siku la mkaguzi likasikika bungeni kama dharau, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Mkisoma "matumizi ya Sh80 milioni hayana nyaraka", someni hivyohivyo. Msizifanye "zimetafunwa", na msizifanye "dosari ndogo za makaratasi".

Kuhusu kashfa na sakata: kashfa ni jambo la aibu lenyewe, kwa hiyo kulitaja ni kukubali kwamba aibu ipo, sakata ni mvutano unaolizunguka, awe na makosa nani. Siku za mwanzo "sakata" ndilo salama zaidi. Tanzania husema "sakata la", Kenya mara nyingi "sakata ya", na kashfa kokote ni "kashfa ya". Msichanganye tuhuma, ambazo ni shaka au mashtaka, na shutuma, ambazo ni lawama kali; chama hutoa shutuma, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, huchunguza tuhuma. Na "kumkashifu mtu" si kuifichua kashfa yake. Ni kumvunjia heshima.