Jibu: Kikundi cha Mikindani kianze na semina ipi?

Mkuu, umeuliza kikundi chenu kianze na semina ya utalii au ya kutunza vitu. Kutunza, bila shaka. Vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa usoni kwenye ngoma ya Wamakonde, huchongwa kwa mti mwepesi, wadudu huubungua upesi, na kwa unyevu wa pwani yetu ukungu nao hauchelewi. Mkufunzi awafundishe kwa vitendo: kinyago kifungwe vizuri kwenye mfuko wa nailoni, kikae kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili ili wadudu wafe. Kikitoka, msifungue mfuko mpaka kesho yake. Vanishi msiguse kabisa! Halafu daftari la kuandika kila kinyago: namba, aliyekitoa, kilichezwa wapi. Barua ya kuomba mkufunzi anzeni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, nakala Makumbusho ya Taifa.