Nani aligundua Mlima Kilimanjaro?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama, niko Majengo hapa Moshi. Mwanangu wa darasa la sita kaulizwa kwenye jaribio nani aligundua Mlima Kilimanjaro, yeye akajaza Wachagga, kapigwa kosa, eti jibu ni Rebmann ndo lilivyo kitabuni. Karudi analia maana babu yake wa Marangu alimwambia mababu walikuwepo pale kabla ya Mzungu yeyote. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba mama. Mfute machozi umwambie babu yuko sahihi. Kitabu nacho hakijadanganya jina, kimekosea neno. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, aliuona mlima tarehe 11 Mei 1848, huyo ni Mzungu wa kwanza kuuona akaandika habari zake. Sasa kuuona na kuugundua ni vitu viwili. Mlima una watu wanalima migomba chini yake, wana mamangi wao, yani watawala wao, wameshaupa majina, unagunduliwaje tena?

Alafu Rebmann hakuja peke yake, alitoka Rabai kule karibu na Mombasa na msafara uliokuwa unaongozwa na mtu wa pwani, Bwana Kheri, aliyekuwa anaijua njia ya kuja Uchagani. Rebmann alipoona weupe kule juu akauliza ni nini, na mwenyewe kaandika kwenye shajara yake kwamba kiongozi wake aliuita tu "baridi". Yani jibu alipewa palepale, kwa Kiswahili! Huku London msomi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, akabisha miaka na miaka kwamba theluji haiwezi kuwepo karibu na ikweta, na yeye huku hajawahi kukanyaga. Mimi hapo ndo huwa naumia, maana aliyebisha kaandikwa vitabuni, aliyejua watoto wetu hawamsikii kabisa.

Na sisi watu wazima tujisahihishe, ile hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm mlima uwe zawadi ya bethidei ndo maana mpaka na Kenya umepinda, sio kweli. Mpaka ulikubaliwa na serikali mbili, ya Uingereza na ya Ujerumani, mwaka 1886, Wilhelm kawa Kaiser, yani mfalme wa Ujerumani, 1888, na Wajerumani walikuwa tayari na mkataba waliouchukua kwa Mangi Rindi wa Moshi mwaka 1885.

Nenda kamuone mwalimu, kwa upole tu maana na yeye anafuata kitabu alichopewa, muombe swali liwe "Mzungu wa kwanza kuuona ni nani". Mtoto jina la Rebmann alishike, kwenye mtihani wa taifa likija la kuchagua asipoteze maksi. Ila kwenye daftari lake la nyumbani aandike na Bwana Kheri, na mkipanda Marangu babu amsimulie vilele vya Kibo na Mawenzi kwa Kichagga, ayaandike hukohuko.