Usiandike "amekubali" kabla hujampima

Juzi wodini niliwasikia wawili wenu mkimuuliza mama wa kitanda cha dirishani, aliyepotewa na usemi, kama anataka kuhamia kwa mwanawe Kisauni. Akaitikia kwa kichwa, nanyi mkaandika kwenye faili: "Amekubali." Wadogo zangu katika kazi hii ya tiba ya usemi, nawapenda, lakini hilo nalikataa kabisa.

1. Ndiyo na hapana ya mgonjwa ipimeni kwanza. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa mzee wa Mji wa Kale hapa Mombasa, nahodha mstaafu. Kiharusi kilimlaza upande wa kulia na kumwachia neno moja: "naam." Mnamjua yule mgonjwa wa Broca, daktari Mfaransa, wa 1861, aliyebakiwa na silabi tupu, "tan". Neno la mzee wangu lilikuwa na maana, na hapo ndipo nilipopotea. Nikimuuliza kama ana kiu, naam. Kama ameshiba, naam. Nikafurahi kuwa tunaelewana.

Wanawe walielemewa na madeni ya matibabu, wakataka kuuza mashua yake iliyokuwa Bandari ya Kale. Wakaniomba nimuulize mimi, kwa kuwa ndiye mtaalamu. Nikaketi mbele yake, nikamwekea picha ya mashua na picha ya pesa, nikasema polepole: "Mzee, iuzwe?" "Naam." Nikarudia. "Naam." Nikawaambia ameridhia, tena nikaandika ripoti na jina langu chini yake.

Wiki mbili baadaye bintiye alimleta kliniki. Njiani walipita bandarini, naye akapaona mahali pa mashua pako patupu. Alipekua kadi zangu kwa mkono wa kushoto, akaitoa ile ya mashua, akaniwekea mapajani. "Naam," akasema huku machozi yanamtoka. "Naam, naam." Hapo ndipo nilipomuuliza maswali niliyopaswa kuyauliza siku ya kwanza. Mzee, wewe ni mwanamke? Naam. Hapa tulipo ni Lamu? Naam.

Mnunuzi alikwishaondoka na mashua. Nilimwomba radhi mzee, nikawaomba na wanawe. Alinipa mkono wa kushoto, akasema neno lake lilelile. Sikuthubutu kulihesabu kuwa msamaha.

Basi anzeni na maswali manne matano ambayo jibu lake mnalijua. Kisha geuzeni swali: "Unataka kwenda?" halafu "Unataka kubaki?" Akiitikia yote mawili, hamna jibu mkononi.

2. Subirini. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kumsaidia neno.

3. Anayesoma Fatiha mpaka mwisho na hawezi kuomba maji hajifanyi. Maneno ya mazoea huweza kubaki hata pale maneno ya kutunga yanapokwama. Waelezeni jamaa mapema. Kuna bibi alimnunia mumewe mwezi mzima kwa kuwa anaimba taarabu vizuri lakini jina lake halitaji. Nilipomfafanulia alicheka hadi akalia, kisha wakawa wanaimba pamoja, na jina lake akalipenyeza ndani ya wimbo. Siku mzee alipolitoa, wodi nzima ilisikia vigelegele.

4. Ubao wa picha uwe wa nyumbani kwake. Nimeona mmoja wenu amemchorea bibi wa Majengo sandwichi! Bibi anataka mahamri na mbaazi, anataka maji ya udhu, anataka kujua ni nani aliyezikwa jana.

5. Semeni naye, si na bintiye aliyesimama nyuma ya kiti. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Kadi zenu ni haki yake, msizifungie kabatini wikendi.

Yule mama wa dirishani anatarajiwa kutoka Alhamisi. Kesho asubuhi, kabla hajachoka, rudini kwake na picha mbili, nyumba ya mwanawe Kisauni na chumba chake Likoni, mkamuulize pande zote mbili. Faili lake liko mezani kwangu, sijalitia sahihi.