Alinichokoza, nikampiga: sheria inasemaje?

SWALI: Bwana avoka (wakili), jambo. Jumamosi, kwenye baa huku Katuba, jirani alimtukana mama yangu mbele ya watu. Nilikuwa na chupa mkononi, nikampiga nayo kichwani. Alishonwa na bado hajarudi kazini. Sasa anasema nitalala Kasapa, gerezani. Si yeye aliyeanza?
Msomaji, Katuba, Lubumbashi

JIBU: Kuanza alianza, na hilo litakusaidia, ila halitakutoa. Sheria ya adhabu ya Kongo, dekreti ya 30 Januari 1940, haimfutii kosa aliyepiga kwa kuchokozwa. Uchokozi hupitia kifungu cha 18, cha sababu za kupunguza adhabu: hakimu akiukubali hushusha kifungo na faini kadiri aonavyo, na kifungu cha 19 kinamtaka azitaje sababu hizo katika hukumu. Basi leta mashahidi waliolisikia tusi lenyewe, waseme lilitamkwa vipi na pigo lilifuata baada ya muda gani. Tusi la mama ni zito, na hakimu wa Lubumbashi analijua. Chupa nayo anaijua.

Muda ni muhimu. Pigo la papo hapo hueleweka kuwa hasira. Aliyekwenda nyumbani kisha akarudi kupiga amekwisha kupanga, na adhabu ya kumpiga mtu, kifungu cha 46, kifungo cha siku 8 hadi miezi 6, hupanda kuwa mwezi 1 hadi miaka 2.

Hatari yako, hata hivyo, imo katika yale maneno "hajarudi kazini". Pigo likileta ugonjwa au kushindwa kufanya kazi, kifungu cha 47 kinatoa miaka 2 hadi 5, hata kama hukukusudia kumuumiza kiasi hicho. Inatosha kwamba ulitaka kumpiga. Ndiyo maana karatasi ya muganga itapimwa zaidi kuliko tusi. Mwambie avoka wako aisome: iliandikwa lini, inataja siku ngapi za kutofanya kazi, jeraha linalingana na chupa? Iliyoandikwa wiki kadhaa baadaye ni rahisi kuipinga.

Usijaribu kudai ulijilinda. Kujilinda ni kuzuia shambulio linalotokea saa hiyo, kwa nguvu inayolingana nalo. Tusi halimjeruhi mtu mwili.

Lipa matibabu yake sasa, mbele ya mashahidi, na mwandikiane. Parke (ofisi ya mwendesha mashitaka) inaweza kuendelea na kesi hata hivyo, lakini hakimu hulihesabu. Nawe unaweza kumshitaki kwa kutukana hadharani, kifungu cha 75, siku 8 hadi miezi 2; usichelewe, haki hiyo huisha baada ya mwaka 1. Itakuwa kesi ya pili, haitaifuta yako.

SWALI: Mdogo wangu alipigana, polisi wamemshika siku ya tatu leo. Ni halali?
Mama wa komini ya Kenya, Lubumbashi

JIBU: Hapana, mama. Kifungu cha 18 cha Katiba kinaweka kikomo cha saa 48. Zikiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya parke. Uliza saa aliyoingizwa iliyoandikwa kwenye PV (hati ya polisi), kisha umwone prokirere, mkuu wa parke. Ukiambiwa ulipe faini, dai risiti.