Papa wa Barabarani Aliyenipa Jina Shuleni

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa Tanga kaniandikia. Anataka kuwafundisha wanafunzi wake kusoma picha, shule yao haina kompyuta, aanzie wapi? Na mimi, je, natumia projekta? Nilicheka peke yangu. Mimi nilianzia kwenye aibu.

Ilikuwa masika, hapa hapa Bagamoyo. Simuni ikaingia picha ya papa anaogelea kando ya gari kwenye barabara iliyofurika, chini imeandikwa "Njia ya Dar leo asubuhi". Nikairusha kwenye grupu la wazazi na onyo juu: watoto wasikanyage maji! Kesho yake nikaenda nayo kidato cha pili, kifua mbele. Mtoto mmoja wa mvuvi akanyoosha mkono.

"Samahani, Madam. Papa mkubwa hivyo, maji ya magotini, tumbo lake kaliweka wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko.

Usiku nikaitafuta Google kwa picha yenyewe. Kumbe mwaka 2011 ilisambaa ikidaiwa ni Puerto Rico baada ya kimbunga Irene, na 2017 ikahamia mafuriko ya Houston, Marekani. Papa mwenyewe ni wa kweli: kakatwa kutoka kwenye picha ya mpiga picha Thomas Peschak, iliyopigwa baharini Afrika Kusini, papa mweupe akimfuata mtu kwenye kayaki. Niliomba radhi kwenye grupu. Ofisi ya walimu wakaniita Madam Papa, na jina lipo mpaka leo. Aliyelianzisha simtaji, ila picha ile naye aliirusha, tena kabla yangu.

Basi, mwalimu mwenzangu, kompyuta usiisubiri. Chukua boksi la sabuni, kata kijidirisha cha mstatili, kila mtoto na chake. Mimi niliwapeleka Ngome Kongwe. Nusu ya darasa niliwaambia watafute Bagamoyo iliyokufa, nusu Bagamoyo iliyo hai, wote wasimame sehemu moja wasisogee. Wa kwanza wakanasa ukuta na nyufa. Wa pili wakageuza vijidirisha kidogo tu, wakapata baiskeli ya muuza madafu na kanga zilizoanikwa. Hapo walielewa kwamba mpiga picha anachagua, na kilichoachwa nje nacho kinasema. Ningeandika ubaoni wiki nzima wasingelipata hilo.

Intaneti ije baadaye. Simu moja inatosha, yangu, na bando langu. Bonyeza picha usiachie, itafute, angalia ilionekana lini mara ya kwanza, wapi, nani kaipiga. Tazama kabla ya kuamini. Halafu tazama tena.

Siku moja tuliandika neno "Bagamoyo" tukaomba picha. Zikaja magofu ya Kaole, Boma la Wajerumani, msalaba wa misheni. Binti mmoja akauliza, "Mbona soko la samaki halipo?" Kipindi kizima kikaishia hapo, na sijutii. Insha tunasahihisha mpaka nukta, wenzangu, lakini picha zinaingia vichwani mwa watoto wetu bila hata hodi, na sisi tumekaa kimya. Tena wengine ndio tunaozirusha!

Kuhusu projekta uliyoniuliza: sina. Natoa kopi ya rangi stesheneri ya pale stendi, moja kwa kila dawati, na mwisho wa kipindi nazikusanya zote maana kidato cha kwanza nao wanazisubiri.