Uliza Tujibu: Vipepeo wa kwanza baridi ikianza kuachia

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mi nakaa Uyole, Mbeya. Mwezi wa sita mpaka wa saba bustanini kwangu hakukuwa na kipepeo hata mmoja, baridi tupu na upepo, halafu wiki iliyopita jua lilivyotoka vizuri nikamuona mmoja wa bluu iliyokoza ana madoa mekundu, kakaa kwenye ukuta wa banda la kuku katanua mabawa. Mwanangu wa darasa la tano anasema katoka Dar maana kule kuna joto. Na mdogo wangu anayesoma Uingereza mwezi wa pili alinitumia picha ya kipepeo wa njano wakati wenyewe bado wanavaa makoti. Hawa wa kwanza huwa wanatokea wapi?

JIBU: Nzuri mama, na mpe hongera mwanao kwa kuwaza, ila huyo hajatoka Dar. Alikuwepo hapo hapo Uyole miezi yote hiyo uliyokuwa unasema hakuna kipepeo, pengine nyuma ya hilo hilo banda, kajibana kwenye ufa au chini ya majani makavu, katulia kabisa. Kipepeo hana joto lake mwenyewe kama sisi, misuli ya mabawa lazima ipate moto kwanza ndo aweze kuruka, na wengi wao wanataka misuli hiyo ifike kama nyuzi joto 30 hivi, sasa asubuhi ya Uyole mwezi wa saba atazitoa wapi? Ndo maana ulimkuta ukutani katanua mabawa. Alikuwa anaota jua. Ukuta wa matofali ukishapigwa na jua la saa nne unakuwa kama jiko, na yeye anajua.

Wa mdogo wako ni hivyo hivyo. Huyo wa njano wa Uingereza anaitwa Brimstone, anamaliza baridi yote akiwa kipepeo mzima, kajificha kwenye majani yasiyopukutika, na akikunja mabawa anafanana na jani mpaka unampita. Siku moja ya jua mwezi wa pili au wa tatu inatosha kumtoa.

Sasa nirudi kwa huyo wako maana huyo ndo ana habari. Kwa ulivyomuelezea nina uhakika ni yule wataalamu wanamwita Precis octavia. Mvua zikishika, mwezi wa 12 au wa kwanza, utaona mwingine kwenye nyasi za wazi, mwekundu kama chungwa lililoiva sana, ana alama nyeusi, na ukiwaweka pamoja na huyu wa bluu utabisha kabisa kwamba hawajuani. Ni aina moja! Wa bluu ni wa kiangazi, mwekundu ni wa masika, na kinachoamua zaidi ni ubaridi anaokutana nao akiwa kiwavi. Akikulia kwenye baridi anatoka bluu, na upande wa chini wa mabawa unakuwa wa giza kama jani lililokauka, kitu ambacho kinamfaa maana kazi yake kubwa ni kujificha mpaka mvua zirudi. Akikulia kwenye joto anatoka mwekundu. Mi niliwahi kukuta wanane wamejibana pamoja chini ya ukingo wa barabara njia ya kwenda Tukuyu, nikadhani ni majani yamekwama, nikasogea kivuli changu kikawagusa ndo wakafunguka wote bluu, nilisimama pale mpaka bodaboda aliyenileta akaanza kupiga honi.

Mtoke wewe na mwanao kati ya saa nne na saa nane mchana, upande unaopigwa jua na usio na upepo. Na naomba sana, hicho kipindi cha kusafisha bustani na kuchoma majani, acheni kona moja msiiguse, maana ukichoma rundo lile la majani makavu unachoma na hawa waliovumilia miezi mitatu ya baridi zikiwa zimebaki wiki chache tu.

SWALI: Mche wangu wa mlimao hapa Njombe una viwavi wanaofanana kabisa na kinyesi cha ndege, wengine wamekuwa wakubwa wa kijani. Nikimgusa anatoa pembe mbili nyekundu na harufu mbaya. Nipige dawa?

JIBU: Kamwene! Usipige. Huyo ni mtoto wa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano ambaye hatulii kwenye maua, anapiga mabawa hata akiwa anakula. Akiwa mdogo anajifanya kinyesi ili ndege wampite, akikua anakuwa kijani kama jani, na hizo pembe anazitoa akitishwa, harufu yake ndo silaha. Kama mlimao ni mkubwa waache, hawataumaliza. Kama ni mche wa majani kumi na tano hapo nakuelewa, watoe kwa mkono uwapeleke kwenye mti mwingine wa jamii ya chungwa au ndimu, sio mparachichi, hawatakula. Na ukikuta kitu kama kijiti kimefungwa kwa uzi kwenye tawi, ni pupa, yaani kiwavi aliyejifunga humo anajigeuza kuwa kipepeo, kiache hata kama kimekaa muda mrefu hakifunguki, wengine wanasubiri hali ya hewa ikae sawa ndo watoke.

SWALI: Niko Mafinga, nataka niwapeleke watoto Kitulo mwezi wa tisa wakaone maua. Ni wakati mzuri?

JIBU: Kwa maua umewahi, yale yanayofanya watu waiite Bustani ya Mungu yanajaa mvua zikishanyesha, kuanzia mwezi wa 12 mpaka wa nne. Lakini mi nakwambia nenda, ila bebeni makoti, kule ni kama mita 2,600 na asubuhi hazina huruma. Ukipandia Chimala zile kona 57 watoto watazikumbuka wenyewe.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa na wa kumi anza kuangalia juu ya nyasi. Kuna mbayuwayu wa bluu nzima, inayong'aa kama chuma, dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani, ni ndege adimu duniani. Baridi yetu yote wanakuwa upande wa Ziwa Victoria, Uganda na Kenya, halafu wanarudi huku kuzaa, na hawajengi chini ya paa kama wale tuliowazoea, wanaingia kwenye mashimo ya ardhini, mengi yamechimbwa na muhanga. Kwa hiyo mkiona shimo kwenye nyasi msilisogelee wala watoto wasichomeke vijiti. Kaeni mbali kidogo, kimya, dakika ishirini hivi, mkiwa mmekalia makoti yenu, muone kama kuna anayeingia.